Nilivyowakaririsha Gredi ya Tisa

Jumatatu, 12 Mei
Mwalimu mkuu, Bi. Ngendo, ametangaza: Ijumaa afisa wa elimu anakuja hapa shuleni kwetu, Mwiki, kutazama masomo ya Kiingereza. Atakayempendeza atakuwa mkuu wa idara. Tuko wawili tu. Mimi, Muigai, miaka kumi na moja kazini. Na Madam Nekesa, aliyekuja Januari! Darasa lake kelele tupu. Watoto wanacheka. Kwenye somo la Kiingereza! Kwangu hajawahi kucheka mtu.

Jumanne, 13 Mei
Nimechungulia dirishani kwake. Upelelezi tu. Mtoto anachukua kadi yenye jina la kitu, anakieleza kwa Kiingereza bila kukitaja, wenzake wanakisia. Kumbe ni hivyo tu! Nekesa akafungua dirisha, akaniuliza kama nataka kiti. Nikasema nakagua vioo.

Mchezo nauchukua. Ila kwa usalama: Gredi ya Tisa watakariri maelezo yote na majibu yote.

Jumatano, 14 Mei
Kadi ishirini tayari, kila mtoto na yake, kwa mpangilio. Syombua, asiyeishiwa na maswali, akauliza, "Mwalimu, kama jibu tunalijua, tunakisia nini?" Nikamwambia akae.

Mazoezi mara nne. Hakuna kosa! Nekesa alipita akasema watoto wangu wanaongea kama ile sauti ya simu inayosema mteja hapatikani. Wivu.

Alhamisi, 15 Mei
Nimezificha kadi za Nekesa stoo, nyuma ya magunia ya maharagwe. Nimemwahidi mke wangu nyama choma pale Kamakis kesho jioni.

Ijumaa, 16 Mei
Nekesa alianza. Kadi hana. Akawapeleka watoto jikoni! Wakamhoji mpishi, Mama Waruguru, anavyopika githeri ya mahindi na maharagwe, kisha wakamweleza afisa, Bwana Muriithi, kwa Kiingereza. Afisa akala githeri. Akaomba kuongezwa!

Zamu yangu. Afisa akaomba kadi zangu, akazichanganya, akazigawa mwenyewe. Ole wangu! Mwas akapata kadi ya daraja. Akasema alichokariri: mnyama mkubwa, masikio mapana, mkonga mrefu. Darasa zima kwa sauti moja: tembo! Mwas akageuza kadi. Daraja. Makofi, kama tulivyofanya mazoezi. Mitchell akapata tembo. Akasema alichokariri: ina magurudumu mawili na hubeba abiria. Bodaboda! Makofi tena. Afisa akawa anafuta machozi.

Syombua akasimama bila ruhusa. Kwa Kiingereza cha kuchechemea akamwambia afisa, "Mwalimu wetu aliogopa, ndiyo maana tulikariri. Tunaomba tucheze kweli."

Nilitamani kuingia kabatini. Afisa akakubali, akazikusanya kadi, akazichanganya na kuzigawa upya. Syombua akachukua kadi yake, akafikiri, akasema, "Mto unapita chini, mimi napita juu, viatu vyangu havilowi." Daraja! Darasa likaangua kicheko. Watoto ambao hawajanijibu neno tangu Gredi ya Saba wakaanza kugombania zamu. Wakakosea vitenzi, wakajirekebisha, wakaendelea. Hata mimi nilicheka. Nikanyoosha mkono! Nikakisia. Nikakosa. Nilifurahi kuliko siku yoyote darasani, sijui kwa nini.

Jumatatu, 19 Mei
Mkuu wa idara ni Nekesa. Nimemrudishia kadi zake, nikasema zilijificha. Hakukasirika. Akaniomba tupange masomo pamoja. Nikasema nitafikiria.

Ila afisa ameisifu Gredi ya Tisa! Ameandika kwamba wanazungumza kwa ujasiri, na kwamba makosa yao yanaonyesha wanajifunza. Atarudi muhula ujao.

Nimeisoma ripoti hiyo mara tatu. Sasa nimeelewa nilipoteleza. Makosa! Afisa anapenda makosa, na mimi niliyafuta yote.

Leo nimeanza kuwaandikia makosa yao, mawili kwa kila mtoto, wayakariri neno kwa neno. Nimeweka alama hata mahali pa kusita. Syombua akauliza: akikosea hilo kosa, si atakuwa amesema sawa?

Nimempa matatu.