Sumaku Itaelea Ijumaa

Jumatatu, 11 Mei 2026
Ijumaa Mwalimu Rebeka atachagua mradi mmoja tu wa kwenda maonyesho ya sayansi ya mkoa. Jitesh ana kikaushio cha dagaa cha nguvu ya jua. Kinafanya kazi. Ushamba! Mimi, mwanafizikia wa nadharia (kidato cha tatu), nikasimama. Nikatangaza kwamba kuna vitu ambavyo vikipozwa mno hupitisha umeme bila ukinzani wowote, na sumaku huelea juu yake. Yangu itaelea Ijumaa. Jitesh akauliza nitavipoza na nini, barafu ya kuhifadhia sangara? Darasa likacheka. Nikakaa.

Jumanne, 12 Mei
Jibu! Mjomba Shigela wa Butimba hupandikiza ng'ombe mbegu za madume bora. Mbegu huzihifadhi kwenye mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, karibu nyuzi mia mbili chini ya sifuri. Nikaenda. Shikamoo, marahaba. Akauliza nina shida gani. Nikaona aibu kuomba nitrojeni papo hapo. Nikasema nataka kujifunza kazi yake. Nusura alie. Watoto wake wote, akasema, wanaona kinyaa.

Jumatano, 13 Mei
Nimejua kwa nini wanaona kinyaa. Glovu hadi begani. Mkono mzima ndani ya ng'ombe wa jirani yake, Mama Odeta, Mjomba akinisihi nisifumbe macho. Ng'ombe alinivumilia kuliko darasa langu. Baadaye nikaomba nitrojeni. Sawa, akasema, ila mtungi hauendi popote bila yeye.

Ijumaa, 15 Mei
Mjomba akamimina nitrojeni mbele ya darasa. Moshi mweupe! Nikachukua sumaku, niiweke juu ya...
Hapo ndipo nikakumbuka. Kile kitu chenyewe! Kidonge maalumu cha kauri kinachopozwa. Wiki nzima nimewaza baridi tu. Nikapoza kipande cha kigae cha sakafuni. Sumaku ikakaa juu yake kama mgeni asiyeaga. Jitesh akaomba taa iwashwe, aone vizuri inavyoelea.
Mjomba, akitaka kuniokoa, akaninyanyua mkono na kutangaza kwamba mkono huu Jumatano ulipandikiza ng'ombe. Mwalimu Rebeka akasema huo ndio mradi. Nimechaguliwa! Kwa ng'ombe. Jitesh sasa ananiita Bwana Glovu.

Jumamosi, 16 Mei
Nimetafakari kwa unyenyekevu. Kitu chochote chenye maji huelea kwenye sumaku kali mno. Ng'ombe ana maji tele. Nimejaza hesabu kurasa tisa: hakuna kinachomzuia kuelea. Jitesh ataona! Sumaku nitaitafuta baadaye; kwanza ng'ombe. Kesho nitamwambia Mjomba nataka kujifunza kukamua.