Kompyuta ya Mahari

Okiria alinunua koti la mtumba mjini Busia kwa shilingi mia tatu, na mfukoni akakuta kompyuta ndogo ya zamani, ya kukunja, saizi ya Biblia ya mfukoni, yenye vibonye vidogo kama maharagwe. Akatia betri mbili za redio, ikawaka. Mtu mwingine angeuliza ni ya nani. Okiria, mtu wa maombi, aliuliza itamlisha vipi.

Kuiuza alishindwa. Hata simu za watoto wa shule ziliizidi akili. Basi akatangaza Malaba nzima kwamba hiyo ni kompyuta ya mahari: unaiandikia jina la msichana, inakutajia ng'ombe.

"Haina kabila, haina shemeji, na haidanganyi," akaapa.

Omuse wa Moding, aliyekuwa akimwoza binti yake Anyait, akamwita. Akamvuta kando na kumpa mbuzi. "Iseme kumi na tano, boss."

Jioni hiyo Paulinus, mjomba wa bwana harusi, naye akaleta mbuzi. "Iseme nane. Hatuna zaidi."

Okiria akawapokea mbuzi wote wawili kwa roho safi, akawafunga nyuma ya choo cha jirani.

Siku ya mazungumzo alibonyeza kwa kidole kimoja, uso wa askofu, kisha akaonyesha kioo: NG'OMBE KUMI NA MOJA. Kila upande uumie kidogo, ndiyo haki.

Paulinus akasimama. "Hatuna kumi na moja. Twendeni nyumbani."

Jikoni Anyait akaanza kulia. Alimpenda yule kijana, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuiandikia kompyuta.

Ndipo akatoka shangazi yake, Leonida, aliyepiga taipu miaka thelathini kwa ofisi ya mizigo pale Malaba, na ambaye siku hizi hakuna mbuzi aliyepita njiani bila yeye kumwona.

"Kijana, hii haidanganyi?"

"Haijawahi, mama."

"Hata nikiiuliza mimi?"

"Hata wewe," akasema Okiria, akimwonea huruma mzee wa watu.

Leonida akapiga kwa vidole kumi, bila kutazama, akampa Paulinus asome kwa sauti.

"Mwenye mashine amekula mbuzi wawili, mmoja kila upande. Wako nyuma ya choo cha jirani. Ng'ombe ni nane."

Omuse akamtazama Paulinus. Paulinus akatazama viatu vyake. Hakuna aliyeweza kukasirika bila kueleza mbuzi wake alikuwa ametumwa kufanya nini.

"Kompyuta imesema," Omuse akakohoa. "Nane."

Anyait akacheka hadi akaunguza ugali. Mbuzi wote wawili wakachinjwa, Okiria akapewa kazi ya kupuliza moto. Nyama ilipokwisha, bila yeye kuonja, akamsogelea Leonida.

"Mama, naomba mashine yangu niende."

"Ngoja tuiulize."

Akabonyeza polepole, akamgeuzia kioo: NABAKI KWA LEONIDA.

Okiria akageuka aende, koti akalisahau penye moto. Wazee wote waliomsikia akiapa walikuwa wanamtazama.

"Koti hujaambiwa uache," Leonida akamwambia. "Vaa, kuna baridi."