Ombi la Kuzuia Kanda za Hospitali Zisisomwe

Chumba cha Kanda,
Chini ya ngazi.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,

YAH: MTU ANAYETAKA KUSOMA KANDA ZANGU

Nakuandikia nikiwa nimekaa, kwa sababu nikisimama natetemeka kwa hasira.

Kazi yangu unaijua. Kila Ijumaa nachukua nakala ya kanzidata ya wagonjwa kutoka hifadhi ya mtandao, yaani lile kabati la diski linalonguruma kwenye chumba cha mashine, na kuiweka kwenye kanda ya sumaku. Kabati likiungua, wagonjwa wanabaki. Nimefanya hivi miaka tisa bila kulalamikiwa na mtu yeyote, wala na kanda zenyewe. Sasa amekuja mtaalamu mpya wa kanzidata, dada tunayemwita Bi Hakikisha, na malalamiko yangu juu yake ni haya:

1. Siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo, aliniuliza ni lini kanda ilisomwa mara ya mwisho. Nikamjibu kwa fahari kwamba haijawahi kusomwa hata moja. Akashika kichwa. Mheshimiwa, kanda ni akiba, na akiba haionjwionjwi.

2. Anaionea kijicho kasi yangu. Mzee aliyenitangulia alikuwa akianza saa saba mchana na kutoka jioni hoi, kanda tatu mkononi. Mimi pia nilianza hivyo. Lakini kwa miaka mitatu sasa nabonyeza kitufe, na dakika nne baadaye kazi imekwisha. Huo ni uzoefu tu. Wewe mwenyewe ulinipa cheti cha mfanyakazi hodari, na kipo ukutani. Bi Hakikisha alikitazama cheti, akaitazama saa, akasema, "Kaka, dakika nne? Wagonjwa wote hao?" Kisha akaniambia haraka haraka haina baraka, kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea.

3. Hathamini ubanaji matumizi. Kanda za zamani nilizifuta na kuzirudisha stoo; miaka yote hiyo mitatu nimetumia kanda moja, na bado haijajaa hata robo. Yeye anasema hiyo ni dalili. Dalili ya nini? Mke wangu hupanga nguo za watu sita ndani ya sanduku moja na hakuna aliyewahi kumpima homa.

4. Amemwingiza mama yangu. Mama anatibiwa hapa mwaka wa kumi na moja, presha na sukari, na kuna dawa moja ambayo ilikaribia kumwua. Jina la dawa hiyo limeandikwa kwenye kanzidata. Daftari lake la kliniki lilipochakaa nililitupa mwenyewe, nikamwambia, "Mama, usihangaike, upo kwenye kanda." Nilikuwa nawasimulia wenzangu habari hiyo huku nikicheka, ndipo Bi Hakikisha akauliza, mbele ya watu, "Na kama hayupo?" Iliniuma, Mheshimiwa. Mpaka leo inaniuma.

5. Leo asubuhi ametangaza kwamba ataichukua kanda yangu na kuisoma kwenye mashine ya akiba, "kwa majaribio tu." Wahenga walisema ukimchunguza sana bata hutamla. Hospitali hii imemla bata huyu miaka tisa na hakuna aliyeharisha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, utoe waraka kwamba kanda ni za kutunzwa, na atakayezisoma achukuliwe hatua. Pili, Bi Hakikisha ahamishiwe maabara, ambako kupimapima ndiyo kazi. Tatu, kwa kuwa wagonjwa wote wako salama kwangu, lile kabati la diski liondolewe kabisa. Linakula umeme, linatoa joto, na nafasi yake ingenifaa kwa rafu. Najua hutakataa jambo la busara, hivyo nimekwisha kumwelekeza fundi umeme aanze leo saa nne: azime, atoe diski zote na kuzitoboa kwa keekee, ili siri za wagonjwa zisitoke nje.

Nisalimie katibu wako, dereva, na akina mama wa usafi. Bi Hakikisha naye msalimie, ila kwa mbali.

Wako mtiifu, mwenye cheti,

Mtunza Kanda

Baada ya sahihi: Nilipokwenda kutafuta bahasha, Bi Hakikisha aliisoma kanda. Imesomeka vizuri sana. Ndani yake mna faili moja tu, limenakiliwa mara mia moja hamsini na kitu. Ni tangazo la fundi wa zamani wa kompyuta, la miaka mitatu iliyopita, nalo linasema: "Kwa Mtunza Kanda. Wagonjwa wote wamehamishiwa kabrasha jipya, humu humu kwenye kabati la diski. Kabrasha hili la zamani ni tupu. Tafadhali usinakili hapa tena."

Mheshimiwa, sasa ni saa nne kasorobo na fundi umeme hapokei simu. Bi Hakikisha ametangulia chumba cha mashine, nami namfuata mbio. Barua hii ikikufikia kabla yangu, acha kila kitu, piga simu kule, uamuru keekee iwekwe chini. Mama yangu yumo ndani ya kabati lile, na hayumo kwingine popote.