Mapato Halisi ya Mkurugenzi

Jumamosi, 17 Januari

Nimechoka. Naandika hivyo mwanzoni ili nisilazimike kurudia. Vifurushi tisini na vinne leo, mvua tangu asubuhi, Rayners Lane mpaka Harrow na kurudi. Mlango wa kushoto wa gari, ule wa abiria, umekataa kufunguka tena. Vifurushi vyote nilivyopanga kwenye kiti hicho nimevivuta kupitia upande wangu. Mgongo unaniuma hadi kwenye meno.

Jioni, ujumbe wa Marion. Mke wangu wa miezi mitano. Koplo katika jeshi la Uingereza, ametumwa Estonia tangu Oktoba. Huko ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na simu hupatikana wakiwa kambini tu. Anasema amepata mtu wa mikopo ya nyumba. Akirudi Pasaka, tunaanza kutafuta. Yeye ameshatuma hati zake za mshahara. Kwangu anataka kitu kimoja: ile karatasi ya ushuru inayoonyesha mapato yangu ya mwaka. Nimejiajiri, fomu lazima ijazwe kabla ya tarehe 31, basi nikishajaza nimtumie. Kamalizia na moyo mwekundu na maneno "Mkurugenzi wangu".

Hapo ndipo penye tatizo.

Siku ya mahari, kule nyumbani, wazee wa ukoo wao waliniuliza kazi yangu. Nikasema nasafirisha mizigo London. Kweli tupu. Wakauliza kama nina kampuni. Nikasema ninayo. Kampuni ni mimi. Wakauliza cheo changu humo. Sasa nani mwingine angekuwa mkurugenzi? Halafu wakauliza mapato, na ulimi ukaniponyoka. Pauni elfu thelathini na nane! Collins, kaka yake Marion, akasimama. Akasema yeye anaishi London, ananijua, na anatoa neno lake kwa ajili yangu. Wazee wakapiga makofi. Kisha wakaongeza mbuzi sita.

Mapato yangu halisi ya mwaka ni pauni elfu kumi na moja na mia tatu. Mbuzi bado nalipa.

Jumatatu, 19 Januari

Collins tena. Yeye ni muuguzi, anaishi Barking, na kwa sababu ya zamu zake za ziada naye hujaza fomu ya ushuru. Alijaza mwezi wa Mei. Mei! Leo ameweka picha ya ushahidi kwenye kundi la familia, kisha akaniuliza mbele ya watu arobaini na mmoja kama wahasibu wa kampuni wameshamaliza. Wahasibu. Kwa wingi. Nimejibu kwamba wanamalizia.

Baadaye nimekula mkate mkavu garini nikimwaza. Mtu ambaye viatu vyake hung'aa hata akitoka zamu ya saa kumi na mbili hawezi kuwa mtu mzuri.

Jumatano, 21 Januari

Nimepata mpango. Nashangaa haukunijia mapema.

London nzima wiki hii inahangaika kupunguza mapato kwenye fomu. Mimi nitayapandisha! Nitaandika thelathini na nane, karatasi itatoka na thelathini na nane, Marion ataridhika, wazee wataridhika. Serikali gani itamlaumu mtu anayejitolea kulipa zaidi?

Nikaenda kwa Paresh, mhasibu. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa karibu na stesheni. Paresh alizaliwa Kisumu, akaondoka akiwa na miaka kumi na sita, na Kiswahili chake kina adabu kuliko changu. Nikamwaga kopo la biskuti lililojaa risiti juu ya meza yake, nikamweleza ninachotaka. Akavua miwani. Akasema bwana, miaka yote ya kazi hii ameona mtu akidai mbwa wake ni askari wa ofisi, na mwingine akidai harusi ya binti yake ilikuwa mkutano wa biashara. Hajawahi kuona mtu anayeomba kuongezewa mapato. Akamwita mkewe, Varsha, anayekaa mapokezi, aje asikie. Varsha akaja. Nikarudia yote. Varsha akaondoka haraka akiwa amejiziba mdomo kwa mtandio.

Paresh akasema kwa upole kwamba uongo ni uongo, uwe wa kupanda ama wa kushuka, na sahihi yake hauipati. Kisha, kwa kunifundisha tu, akapiga hesabu ya elfu thelathini na nane. Ningedaiwa zaidi ya pauni elfu sita na mia sita kufikia tarehe 31. Na nusu ya hizo juu yake, malipo ya mapema ya mwaka unaofuata. Chai ikanipalia.

Nikauliza, nikiwa mlangoni, kama mbuzi wa mahari wanaweza kuhesabiwa gharama za biashara. Akauliza biashara gani.

Ijumaa, 23 Januari

Marion ataka simu ya video. Kwa kawaida humpigia nikiwa nimekaa mbele ya pazia, nimevaa tai. Leo nimepata wazo bora. Nikamwomba Paresh nikae mapokezi kwake robo saa. Rafu za mafaili nyuma yangu, kalenda, mashine ya kuchapa. Shati jeupe, tai ya bluu. Chini, suruali ya kazi yenye mistari ya kung'aa. Kamera haifiki huko.

Marion alifurahi sana kuiona ofisi. Varsha akapita na kikombe cha chai. Marion akauliza huyo nani. Nikasema sekretari wangu. Nilisahau kwamba Varsha amekulia Mombasa. Akaiweka chai mbele yangu taratibu, bila sukari, akatabasamu na kamera.

Marion amekonda uso. Anasema Lorraine, karani wa kikosi chao, amemweleza kuna nafuu ya ushuru kwa wanandoa: mwenye mapato madogo humgawia mwenzake sehemu ya kile kiwango kisichotozwa, na yule mwenzake hupunguziwa ushuru kwa pauni mia mbili na hamsini na kitu kwa mwaka. Lakini lazima mmoja awe anapata chini ya elfu kumi na mbili na mia tano na kitu. Akacheka, akasema sisi haituhusu, hiyo ndiyo hasara ya kuolewa na mkurugenzi. Nikacheka pia. Kicheko changu kilitokea puani.

Kabla ya kukata, akasema kitu. Akiwa lindoni na vidole vimekufa ganzi, hujituliza kwa kuniwaza mimi niko ofisini, hita imewashwa, nimevua koti. Anasema hilo humpasha moto.

Nikamwambia hita ni nzuri.

Kuhusu karatasi, nilisema mkurugenzi hatumi nyaraka za kampuni kwa simu, ni suala la usalama. Neno usalama ndilo lililoniokoa. Wanajeshi hawalibishii. Akasema basi ataisoma akirudi.

Jumapili, 25 Januari

Dhamiri imenisumbua tangu ibada. Mahubiri hayakuwa hata juu ya uongo, yalikuwa juu ya Nuhu.

Mke wangu yuko kwenye theluji na mimi namlisha maneno. Nimpe kitu cha kweli basi, hata kidogo. Ndipo nikaikumbuka ile nafuu. Mimi ndiye mwenye mapato madogo! Naomba mimi, anafaidika yeye. Mshahara wake utaongezeka kama pauni ishirini kwa mwezi. Ataona nyongeza, atadhani ni marupurupu ya baridi, atajinunulia kahawa. Sitasema neno. Upendo wa kimya. Nimeguswa mno na nafsi yangu.

Ombi lilichukua dakika chache mtandaoni. Nikaulizwa kama mapato yangu yako chini ya kiwango. Nikajibu ndiyo. Nilikaa nikilitazama hilo jibu. Mtu wa kwanza kuambiwa ukweli kuhusu mapato yangu, ukiwaacha Paresh na mkewe, ni kompyuta.

Alhamisi, 29 Januari

Paresh amewasilisha fomu. Elfu kumi na moja na mia tatu. Ushuru ninaodaiwa: sifuri. Akanipa mkono, akasema hongera, wateja wengine wote leo wametoka wakilia. Mimi pekee niliyetaka kudaiwa.

Varsha ameniuliza mshahara wa sekretari unalipwa tarehe ngapi.

Jumamosi, 31 Januari

Siku ya mwisho ya fomu. Vifurushi mia moja na nane. Sina la kusema.

Jumanne, 3 Februari

Imelipuka.

Saa saba mchana, niko Southall, nje ya duka la sufuria, nimekumbatia sanduku la mashine ya kusagia ya mtu. Simu. Marion, sauti tu, mchana, jambo ambalo halijatokea tangu Oktoba. Akasema amepata taarifa ya ushuru kwenye simu yake. Namba yake ya ushuru imebadilika na mwishoni imeota herufi M. Akamwonyesha Lorraine. Lorraine akamweleza kwamba hiyo hupewa mtu aliyegawiwa kiwango na mwenzi wake, na mwenzi huyo lazima mapato yake yawe chini.

Akaniuliza napata kiasi gani. Nikasema mwaka ulikuwa mgumu. Akauliza tena, kwa sauti ya koplo. Nikasema elfu kumi na moja na mia tatu. Akauliza ofisi. Nikasema ya Paresh. Akauliza yule sekretari. Nikasema mke wa Paresh.

Nikasikia upepo wa kwao. Akaniuliza huo upepo mwingine ni wa wapi. Nikamwambia ni wa Southall, niko nje, tangu saa moja asubuhi, kila siku niko nje.

Akasema, polepole sana: kumbe tulikuwa wote wawili kwenye baridi, na yeye alikuwa anajipasha moto kwa uongo.

Nililia. Sitaficha. Nililia juu ya mashine ya kusagia ya mtu. Mama mmoja wa Kipunjabi aliyekuwa akichagua sufuria alikuwa amenisikia simuni, akaniuliza kwa Kiswahili cha Nakuru kama nimefiwa. Nikamwambia hapana mama, ni mambo ya ushuru. Akasema pole sana, hata kwao ushuru umeliza watu.

Marion hakunifokea. Ingekuwa heri. Alisema hajali nabeba nini, angeolewa na mbeba vifurushi bila kuuliza mara mbili. Mkopo tutauomba kwa mshahara wake, nyumba itakuwa ndogo, basi. Ila Collins alitoa neno lake mbele ya wazee. Hilo linamuuma kuliko mengine. Kwa hiyo nimwendee Collins, ana kwa ana, nimwambie ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe. Akirudi Pasaka akute bado Collins anadanganywa, hatafungua begi lake nyumbani kwangu. Atageuka nalo hivyo hivyo.

Nimeapa. Ameniapisha mara mbili.

Ijumaa, 6 Februari

Nimeamua. Kesho. Sitavaa tai.

Jumamosi, 7 Februari

Nilipanda treni mbili mpaka Barking, saa nzima na zaidi, nikifanya mazoezi. Maneno manne tu: Shemeji, mimi si mkurugenzi. Nilipofika nilikuwa nayasema bila hata kutetemeka.

Collins akanifungulia akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa ametoka zamu, na mara tu alipokaa akarudisha miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Havikung'aa. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyozeeka. Nikamwonea huruma, jambo ambalo sikulipanga.

Nikasema Shemeji. Akasema ngoja, aanze yeye, kwa sababu asipolisema leo hatalisema tena. Akanambia amechoka. Miaka kumi na miwili ya kuinua wagonjwa, mgongo umekwisha, usingizi umekwisha. Zile picha za fomu anazoweka kwenye kundi ni za kujifariji tu. Hajamwambia mtu, hata Marion. Akasema siku ile ya mahari alinisimamia kwa sababu aliona angalau mmoja wetu ametoka kwenye kazi za kubeba. Kisha, akitazama beseni, Collins huyo huyo ambaye hajawahi kuniuliza kitu bila kejeli, akauliza kama katika kampuni yangu kuna nafasi. Hata ndogo. Hata ya kupanga makaratasi.

Maneno yangu manne yalikuwa mdomoni. Tayari kabisa. Nilifungua mdomo.

Nikasema nafasi ipo. Naibu mkurugenzi.

Akainuka kutoka kwenye beseni, akanikumbatia, zulia lote likalowa. Alikuwa analia. Jumatatu anapeleka barua ya kuacha kazi hospitalini. Nikamwambia asiwe na haraka. Akasema ameshaiandika, ilikuwa inangoja ujasiri tu, na mimi ndiye niliyempa.

Njiani nilimwandikia Marion: Nimekaa na Collins ana kwa ana. Amelia. Tumekumbatiana. Kila neno ni kweli! Amejibu kwamba ananionea fahari, na kwamba leo lindoni atapata joto.

Jumapili, 8 Februari

Sikwenda ibadani. Nimeagiza kadi mia mbili na hamsini zenye jina la Collins.

Kesho, kabla ya vifurushi, nimwulize Paresh mtu akiajiri mtu hujaza fomu gani. Halafu gari liende kwa fundi. Mlango wa kushoto lazima ufunguke wiki hii. Naibu mkurugenzi hawezi kuingilia upande wangu.