Nyimbo Zilizopewa Majina ya Ukoo

Jumamosi, 3 Julai 2004

Kompyuta imefika kutoka Mbeya. Imesafiri juu ya magunia ya mbolea na haina hata mkwaruzo. Nimeiweka chumba cha wageni. Mgeni aliyekuwamo, binamu yangu Lutengano, nimemhamishia sebuleni. Amenuna.

Kuanzia leo muziki wa Kyela una makao. Kaseti zinavunda kwa joto hili, redio zinazitafuna. Zangu zote nitazihamishia kwenye mashine. Nitazipanga, zidumu mpaka wajukuu zangu wawe ma-DJ.

Eliud alipita kuchungulia. Ndiye DJ mwingine hapa mjini, mtu wa sanduku la bati lililojaa kaseti, na kalamu ya biki ya kurudishia mkanda. Aliuliza umeme ukikatika itakuwaje. Nikamwambia maendeleo hayaulizwi maswali ya namna hiyo. Akaondoka bila kuaga. Ameogopa.

Jumatatu, 5 Julai

Nimepata harusi! Winnie, binti wa shemeji yangu Ikupa, anaolewa tarehe 17 kule Matema. Bwana harusi ni kijana wa Katumba Songwe, nusu ya ukoo wake uko ng'ambo, Malawi. Familia ilimtaka Eliud. Mke wangu Tupokigwe alikwenda kunitetea kwa dada yake. Amerudi na ushindi, ila ana uso wa mtu aliyemdhamini mwizi.

Sharti ni moja. Ikupa anafinyanga vyungu Lyulilo na hana mchezo. Amenipa kaseti ya kwaya ya zamani ambamo marehemu mumewe anaimba besi. Winnie ataingia ukumbini kwa wimbo huo, baba yake awe kama yupo.

Alinishika mkono. "Shemeji, nyingine piga utakazo. Huu usiniharibie."

Nikamwambia wimbo huo sasa utaishi milele.

Alhamisi, 8 Julai

Nyimbo zote zimeingia. Kompyuta inaziita Sauti ya Kwanza, Sauti ya Pili, na kuendelea, kama mahabusu. Nimezipanga kwa alfabeti. Baadaye nikazipanga kwa waimbaji. Kisha kwa zile za kukaa na zile za kusimama. Kila mpango ulikuwa mzuri mpaka nilipoanza mwingine.

Jioni nilimkuta Eliud dirishani. Alisema anatafuta kuku wake. Kuku gani anapanda dirishani? Anataka kuniibia mpangilio.

Jumatatu, 12 Julai

Dawa ya Eliud imepatikana. Nimefuta majina yote ya nyimbo na kuzipa majina ya ukoo wa mke wangu, kila wimbo kwa tabia ya mtu. Ule unaoanza polepole na hauishi nimeuita Mama Mkwe. Unaolia mwanzo hadi mwisho ni Shangazi Anyitike. Nyimbo ni nyingi kuliko ndugu, kwa hiyo wengine wamejirudia: Shemeji, Shemeji Mkubwa, Shemeji Mwingine. Wa kwaya ni mmoja wa Mashemeji hao, yupi sijaandika popote. Nimeuweka kichwani, na kichwa changu hakikatiki umeme.

Eliud akiiba mashine nzima ataambulia ukoo mtupu.

Nimechoma pia CD za akiba. Sikuandika neno juu yake. Usalama.

Alhamisi, 15 Julai

CD zimeharibika. Tupokigwe alizitundika kwa uzi juu ya mpunga ulioanikwa uani, zimetameta na kufukuza ndege. Upepo umezigonganisha, zimechubuka zote. Nilimuuliza kama anajua alichotundika. Akasema hazikuwa na maandishi, alidhani ni tupu, na tangu juzi hakuna ndege aliyegusa mpunga. Nilitaka kugomba zaidi, lakini kweli, hakuna ndege aliyegusa mpunga.

Si kitu. Kompyuta ipo. Kaseti ya Ikupa nimemrudishia, haina kazi tena. Eliud nimemwalika harusini. Nataka ashuhudie.

Jumapili, 18 Julai

Nimelala mpaka mchana. Naandika ya jana.

Matema tulifika salama, kompyuta imeviringishwa godoro la Lutengano. Jenereta likawaka. Watu wakajaa chini ya turubai. Eliud alikaa nyuma, redio kaseti yake ndogo magotini, kama mtu aliyekuja na mtoto.

Mshereheshaji akamwita bibi harusi. Nikabonyeza Shemeji. Ikalia ngoma ya kasi ya ng'ambo. Wageni wa Malawi walinyanyuka kama waliopigiwa kengele, wakaingia wakicheza mbele ya Winnie, wakamziba kabisa. Nikabonyeza Shemeji Mkubwa. Wimbo wa msiba. Wazee wakavua kofia. Nikabonyeza Shemeji Mwingine. Ikatoka sauti yangu mwenyewe, nikijizoeza kutangaza nyumbani: mimi ndiye mfalme wa muziki kandokando ya Ziwa Nyasa. Nyuma yake sauti ya Tupokigwe ikiuliza mfalme ataleta maji saa ngapi.

Turubai zima lilicheka. Winnie, pale mlangoni, alicheka mpaka shangazi yake akampaka poda upya. Ikupa hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, na mimi nilitamani ziwa linisogelee.

Mama mkwe, Bibi Tusajigwe, akaja na miwani yake kusoma kioo cha kompyuta.

"Mkwe, huyu Mama Mkwe ni nani?"

Nikasema ni wimbo tu, Mama.

"Wangu?"

Tupokigwe alinitazama. Nikakiri kuwa ni wake.

"Utanipigia baadaye," akasema. "Sasa mtafutie mwanangu Ikupa mume wake."

Sikuweza. Kila jina nililobonyeza lilikuwa ndugu mwingine. Hapo Eliud akaja mbele, taratibu. Hakunisema. Alimwomba Ikupa kaseti, naye akaitoa kwenye mkoba. Eliud akaizungusha kidogo kwa kalamu, akaiweka kwenye redio yake, mimi nikashika kipaza sauti karibu na spika.

Kwaya ikaanza. Besi ikaingia. Winnie akaanza kutembea. Ikupa alifumba macho akaimba na mumewe hadi ubeti wa mwisho, na watu wa Lyulilo wakamfuata. Hata mimi nililia, nikasingizia moshi wa jenereta.

Baadaye ilikuwa raha tupu. Eliud alipiga moja, mimi moja, nisijue yangu itakuwa ipi. Watu walianza kubahatisha ni ndugu gani anakuja. Mama mkwe aliucheza wimbo wake wote, nao hauishi. Alipokaa aliniambia, "Ndaga fijo, mkwe," yaani ahsante sana, kisha akauliza kwa nini wa dada yake ni mfupi.

Jumanne, 20 Julai

Eliud amekubali tufanye kazi pamoja. Ni muungwana kuliko nilivyodhani. Amevuka mto wa mpakani kwenda kusalimia ndugu zake Malawi, na sanduku lake la kaseti ameniachia kwa moyo mmoja.

Nimekaa nikatafakari kosa lilikuwa wapi. Ni majina. Muziki hauhitaji majina, unachanganya watu. Kwa hiyo leo nimeloweka kaseti zake zote kwenye maji ya uvuguvugu na kubandua lebo, moja baada ya nyingine. Sasa zimekauka, nimezipanga sandukuni kwa rangi ya plastiki, kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Zimependeza mno.

Eliud anarudi kesho. Sijamwambia. Nataka afurahi mwenyewe.