Mahari ya Injini ya Mjomba Asukile

Jirani yetu Damari anadai kwamba Mwenyekiti alipofika Chimala aliweka sikio kwenye chuma cha pikipiki ya Mjomba Asukile, na chuma kikamtajia jina la Mjerumani wa kwanza aliyeinunua. Si kweli. Mimi nilikuwa palepale natwanga mpunga, na niliona kwa macho yangu kwamba hakutumia sikio. Alitumia lenzi.

Tangazo lilisomwa sokoni wiki iliyotangulia. Serikali, kwa jinsi inavyotujali, imeunda Kamati ya Kutambua Namba, Asili na Ukoo wa Pikipiki Kongwe, kuanzia Iringa mpaka Mbeya. Pikipiki yoyote iliyokuwepo kabla ya vita ya Hitla itasomwa namba zake. Itakayokutwa haina ukoo itachukuliwa na Idara ya Vyombo Vinavyotoa Moshi, ikalelewe huko. Tulifurahi sana. Miaka yote tulikuwa tunaomba daraja, sasa tumeletewa kamati. Na kwa kuwa Chimala nzima pikipiki kongwe ilikuwa moja tu, hata foleni hatukupanga.

Asiyefurahi alikuwa Mjomba peke yake. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa inambeba mkunga Tekla, ambaye mguu wake mmoja haumsikilizi. Ikichukuliwa, watoto wa Usangu ingebidi wajifunze kusubiri.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti, Bwana Bartholomeo Kalinga wa Iringa, alivaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Karani Philbert aliandika kila neno la Mwenyekiti, hata Mwenyekiti alipopiga chafya. Wa tatu alikuwa Mzee Saulo wa Rujewa, mjumbe wa mila, kwa sababu kanuni zilitaka awepo mjumbe wa mila. Mzee Saulo mambo ya pikipiki hakuyajua na wala hakujisumbua kuyajua. Alijua ng'ombe na mahari, basi.

Mwenyekiti alipiga goti juu ya leso, akasogeza lenzi shingoni mwa fremu, akasoma kwa sauti ya kanisani: K, tano, saba, tano, mbili. Akatufafanulia. Herufi ni ukoo, tarakimu ya mbele ni mwaka, za nyuma ni mtoto wa ngapi. Zamani, alisema, fremu na injini zilizozaliwa nyumba moja zilipigwa namba moja, na mpaka leo zikikutana zinajuana. Halafu akasoma injini. T, tatu, moja, nane.

Akasimama, akajipangusa goti ambalo halikuwa na vumbi.

"Bwana Asukile, umejionea. Fremu ni ya ukoo wa K, injini ya ukoo wa T. Hii si pikipiki. Hii ni fujo."

Mjomba alieleza polepole. Fremu aliachiwa baba yake na mmisionari mmoja aliyeondoka wakati wa vita ya kwanza. Injini yake ya kuzaliwa ilichukuliwa wakati wa vita ya Hitla na Idara hiyohiyo ya Vyombo Vinavyotoa Moshi, kwa ukaguzi. Kila mwaka huenda kuuliza, kila mwaka huambiwa bado inakaguliwa. Mwenyekiti alisema ukaguzi ni jambo linalotaka utulivu. Hii injini ya T, Mjomba akaendelea, aliipata kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anatafuta dhahabu kule Chunya.

Hapo Mzee Saulo akafumbua macho. Akasema kwa upande wa mila jambo hili ni jepesi. Injini inayotoka kwao ikaingia nyumba ya watu wengine ni mke.

Mwenyekiti lilimpendeza sana neno hilo. Alilitembeza mdomoni kama kipande cha muwa, kisha akamwambia Philbert aandike, iwe Kanuni: "Injini ngeni ni mke. Isiyotolewa mahari imetoroshwa, na itarudishwa kwao siku hiyohiyo, bila kujali cheo cha aliyeitorosha." Maneno ya mwisho aliyaongeza mwenyewe kwa kuwa yalikuwa matamu. Akapiga muhuri, akamtazama Mjomba kwa huruma, maana ni nani duniani anayeilipia injini mahari?

"Ulitoa nini?" Mzee Saulo akamuuliza Mjomba.

"Mtamba mmoja. Mweusi."

Damari akapaza sauti kutoka nyuma kwamba ni kweli, mume wake ndiye aliyemswaga yule mtamba mpaka Chunya, akapigwa teke njiani, na mpaka leo mvua ikitaka kunyesha goti linamwambia.

"Basi kaolewa," alisema Mzee Saulo. Akainamia injini kidogo, akaisalimu. "Kamwene, mama. Utusamehe kwa usumbufu."

Mwenyekiti akaona heshima inaanza kumponyoka. Akatuita tusogee kwenye pikipiki yake ya Serikali, rangi ya kijani, inang'aa mpaka kuku walikuwa wanajitazama humo. Akasema sasa tutaona ukoo safi ulivyo. Leso chini, goti, lenzi. Fremu: M, tisa, sifuri, nne. Akahamia kwenye injini, akapandisha sauti ili hata walioko kwenye mashine ya mpunga wasikie.

"K! Tano. Saba. Tano..."

Lenzi ikabaki palepale.

"Mbili, Mwenyekiti?" aliuliza Philbert, kalamu mkononi. "Nauliza tu, maana hii tumeshaiandika leo."

Watu wote wakaitazama pikipiki ya Mjomba, kisha ile ya Serikali, kisha viatu vyao.

"Huyu binti ni wa hapa," alisema Mzee Saulo. "Mahari yake nani alipokea?"

Mwenyekiti alisema suala hilo lipo ngazi za juu na litatazamwa kwa mapana yake. Mzee Saulo akasema kumbe katoroshwa. Mwenyekiti akasema Kanuni isisomwe kwa haraka. Basi Philbert akaisoma taratibu, mpaka "bila kujali cheo."

"Nani kaandika maneno hayo?"

"Ni wewe, Mwenyekiti. Na muhuri bado mbichi."

Spana waliazima kwa Mjomba. Philbert alifungua nati mpaka jasho likamtoka puani. Injini ilipoingizwa ndani, Bibi, mama yake Mjomba, aliifunika kanga, akaipapasa ubavu, akasema, "Umekonda, mwanangu," halafu akaenda kuinjika ugali.

Wakati huohuo Tekla akaja anachechemea na kikapu chake. Kuna mama Igurusi, uchungu umeshamshika. Akapanda nyuma ya pikipiki ya Mjomba, akakaa sawasawa.

Mwenyekiti alibaki ameshika usukani wa pikipiki ambayo katikati ilikuwa tupu, mtu anaona mpaka shamba la mpunga ng'ambo ya pili. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka milimani. Akavua kofia.

"Asukile, kaka yangu," alisema. "Igurusi ni njia ya Mbeya, na kesho natakiwa Mbeya nikatoe taarifa ya Kamati. Naomba unipakie, hata hapo nyuma ya mkunga."

Mjomba akachomoa plagi ya pikipiki yake. Akaipuliza, akaigeuza, akainyanyua juani, akaitazama bila haraka, kama kitu kinachokaguliwa.