Kilo za Shangazi Verediana

Jumatatu, 2 Februari

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili: napenda kuona magari yakiteleza. Si ajali. Ajali hapana, Mungu apishie mbali. Kuteleza tu, polepole, gari likienda ubavu kwenye kona iliyo chini ya dirisha langu, dereva ameshika usukani kama mtu aliyebeba sinia la chai, na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Moyo wangu unaruka! Naacha uji, naacha hesabu, nasimama dirishani.

Leo asubuhi gari la kwanza kuteleza lilikuwa la Baba.

Baba, Bwana Vedasto, ni mfamasia. Mtu wa miwani na kalamu mfukoni. Anasema kwao Bukoba aliendesha lori la babu kwenye matope ya masika huku akila karanga. Hapa Saint Paul, Marekani, ni mtu mwingine. Tangu Desemba, gari lilipomzungusha mzima mzima kwenye maegesho ya maduka ya Roseville mbele ya watu, anaendesha kama amebeba mayai. Taa za hatari anaziwasha akiwa bado uani. Mama, ambaye ni nesi, sasa anapanda basi kwenda kazini. Anasema angalau basi linafika. Baba anafuta miwani.

Nami ninaumia, maana leseni yangu ya kujifunzia imelala kwenye droo tangu Septemba. Baba amesema nitagusa usukani barafu ikiisha. Barafu ya huku inaisha Aprili!

Binamu yangu Lenny hakusubiri Aprili yoyote. Mtoto wa mama mdogo, baba yake Mkenya, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja tu, na ana pikapu. Hasomi kitu. Anaendesha tu! Leo jioni amelivuta gari la jirani yetu Lynette kutoka kwenye lundo la theluji. Mbwa wa Lynette, mkubwa kama ndama, alikuwa amekaa kiti cha mbele anatazama kama waziri. Mama alipiga makofi dirishani. Mimi sijawahi kupigiwa makofi dirishani.

Swali: kwa nini watu wazima wenye digrii wanashindwa na maji yaliyoganda? Nitalijibu mimi.

Jumanne, 3 Februari

Nimelijibu!

Maktaba ya mtaani wana kikapu cha vitabu wanavyovitoa. Humo nimekuta kitabu cha mwaka 1954 kuhusu kuendesha gari wakati wa baridi. Kwenye jalada kuna bwana mwenye kofia na kiko mdomoni, anatabasamu katikati ya dhoruba. Sura ya nne inasema madereva wanateleza kwa sababu magari yao ni mepesi nyuma. Weka mzigo mzito nyuma, basi, tairi zitauma barabara. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama, nikaachwa na basi. Nimetembea hadi nyumbani. Masikio yameganda, furaha haikuganda.

Wakati wa chakula nilizungumza. Mimi, ambaye mezani huomba chumvi tu. Nilimwambia Baba kwamba kosa si lake, kosa ni la uzito. Akauliza kama mwandishi ni profesa. Nikasema ana kiko. Akafikiri kidogo, akaona inatosha.

Jambo lenyewe ni zito, kwa sababu Jumamosi ni sendofu, sherehe ya kumuaga Dada Dativa anayeolewa, binti wa Shangazi Verediana, na Shangazi ndiye dada mkubwa wa Baba. Harusi ni wiki ijayo, kabla ya Kwaresima. Ukumbi uko Eagan, juu ya kilima. Baba amepewa kazi mbili: kupeleka mchele wa pilau na kumpeleka Shangazi mwenyewe. Bila mchele hakuna pilau. Bila mama wa binti hakuna sendofu. Mama ameshauri, kwa upole sana, kwamba vyote viwili vipande pikapu ya Lenny.

Baba aliweka kijiko chini. Hakumtazama Mama, alinitazama mimi.

"Alvin. Ukinifikisha Eagan bila kuvutwa na mtu, Jumapili usukani ni wako."

Nashindwa kulala. Usukani!

Jumatano, 4 Februari

Tumekwenda Frogtown kununua mchele kwa Bahizire, Mkongo mwenye duka kule University Avenue. Magunia mazito, mazuri, ya kupendeza. Bahizire aliniambia, "Petit, kuna verglas mlangoni, barafu isiyoonekana, tembea kama bibi." Nilitembea kama mtu mwenye haraka. Nilianguka na gunia juu yangu. Hata nikiwa chini nilikuwa nawaza: uzito safi huu!

Tumefika nyumbani, Mama akasema tuyaingize ndani. Nikasema buti ya gari ni baridi, mchele hauharibiki. Akakubali kwa sababu alikuwa anachelewa basi.

Tumefanya jaribio kwenye kona yetu. Baba hakuteleza hata kidogo! Alipiga honi kwa furaha. (Gari linalomwaga chumvi ya kuyeyusha barafu lilikuwa limepita muda mfupi kabla. Nimeliona hilo kama jambo la pembeni.)

Alhamisi, 5 Februari

Shangazi Verediana amekuja, atalala kwetu hadi Jumamosi. Nilihitaji takwimu zake. Niliweka mizani ya bafuni mbele ya mlango wa chumba chake, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza ni mradi wa shule kuhusu uzito wa watu wa rika mbalimbali. Uso wangu uliwaka moto.

Shangazi aliitazama mizani, akanitazama mimi, akairudia mizani.

"Baba'ngu," akasema, "shuleni kwenu vitabu vimekwisha?"

Akairuka. Baadaye nilimsikia akimwambia Mama kwamba watoto wa huku wanafundishwa mambo ya ajabu. Basi nimekadiria kwa macho. Ni kilo za kutosha. Ni kilo za kuokoa ukoo mzima.

Na sasa sikiliza, shajara! Kiti cha mbele atakaa Mzee Gwakisa, mwenyekiti wa kamati ya sendofu, ambaye tutampitia, kwa sababu mkubwa hukaa mbele, hilo halijadiliwi. Mzee Gwakisa ni mwembamba kama mwavuli uliofungwa. Kwa hiyo Shangazi atakaa nyuma, juu ya tairi zenyewe, karibu na mchele. Heshima na sayansi zimekubaliana! Sijui kama imewahi kutokea.

Ijumaa, 6 Februari

Hatari kubwa leo, na nimeishinda.

Utabiri unasema mvua ya barafu usiku, theluji juu yake. Lenny amekuja saa kumi jioni. Baba kazini, kapewa lifti na mwenzake, Mama amelala baada ya zamu, Shangazi yuko saluni. Lenny akasema anataka kuupeleka mchele ukumbini leo leo ili wapishi waanze alfajiri. Pikapu inanguruma nje. Funguo za gari la Baba zinaning'inia ukutani, nyuma ya kichwa changu.

Mchele ukienda, uzito unakwenda. Uzito ukienda, usukani unakwenda. Nikamwambia mchele ulishafika.

"Poa, cuzo," akasema, akaondoka zake.

Aliamini! Ni uongo wangu wa kwanza wa maana tangu mwaka uanze, na nimeusema bila kigugumizi.

Jumamosi, 7 Februari

Naandika nikiwa stoo ya ukumbi, sahani ya pilau magotini. Lazima niandike sasa hivi kabla sijasahau hata nukta moja.

Asubuhi barabara iling'aa kama sahani iliyooshwa. Mama alivaa kitenge chake, akatazama nje, akapanda pikapu ya Lenny. Mke halali wa Baba! Baba alimpungia mkono kwa heshima.

Tulifuata sisi: Baba, Mzee Gwakisa mbele na kofia yake, Shangazi na mimi nyuma, mchele kwenye buti. Barabara kuu ilikuwa na chumvi, tukaenda vizuri, polepole, taa za hatari zikiwaka. Watu walitupigia honi. Juu ya daraja la Mississippi Baba hakupumua. Nilimsomea sura ya nne kwa sauti ili kumtuliza.

Tukafika chini ya kilima cha ukumbi. Baba akakanyaga mafuta. Gari likapanda, likapanda, likafika katikati, likasimama, tairi zikalia, tukaanza kurudi chini. Taratibu, kama mtu anayeaga. Tukajaribu tena. Tukarudi tena. Mara ya tatu tuliteremka tukiwa ubavu. Mzee Gwakisa alishika kofia. Shangazi akaanza Salamu Maria. Sitasema uongo humu: ilikuwa kuteleza kuzuri kuliko kote nilikowahi kuona, na nilikuwa ndani!

Kisha simu ya Shangazi ikalia. Wapishi. Maji yanachemka, mchele uko wapi? Shangazi akasema mchele upo, tuko nao. Baba alivua miwani aifute, akaivaa tena bila kuifuta, akidhani sioni. Nikaona. Furaha yote ikaniisha. Akasema kwa sauti ndogo, "Mpigie Lenny."

Haikuhitajika. Lenny alikuwa anateremka kwa miguu kutoka ukumbini, koleo begani. Akamwamkia Mzee, akamwamkia Shangazi, akafungua buti. Akautazama mchele muda mrefu. Akanitazama mimi. Nilisubiri aniseme mbele ya wote. Akanivuta pembeni.

"Cuzo, nani amekuambia uweke mzigo huku?"

Nikamwonyesha kitabu.

"Hii gari huvutwa na tairi za mbele, msee. Umekalisha watu wote nyuma, mbele inapapasa tu hewa. Hicho kitabu ni cha gari za babu."

Nikatazama. Ni kweli! Tairi za mbele zilikuwa zimechimba mashimo, za nyuma zilikuwa zimekaa tu kama wageni. Nikaona yote kwa mara moja, kama hesabu inayofunguka. Kumbe uzito uende mbele. Na kilo nyingi za safari hii zilikuwa kiti cha nyuma, zinasali.

Hapo nilifanya jambo gumu kuliko yote. Nilimfungulia mlango Mzee Gwakisa. Nikamwambia, nikitazama viatu vyake, kwamba leo mama wa binti ndiye mkubwa, naomba ampishe kiti cha mbele. Mzee akauliza nani ameamua. Nikasema fizikia. Akashuka, akakunja koti, akaanza kupanda kilima kwa miguu.

Shangazi akahamia mbele. Alifurahi sana! Akasema angalau kuna mtoto mmoja katika ukoo huu anayejua kuheshimu. Kisha nikamwekea gunia la mchele mapajani. Hapo alianza tena Salamu Maria. Mengine nikayapanga miguuni pake.

Baba akajaribu. Tukafika mbali zaidi, tukarudi. Na ndipo wazo lilipokuja! Kilima kinasukuma uzito upande wa chini. Basi tairi zinazovuta ziwe upande wa chini.

"Baba," nikasema, "geuza gari. Panda kwa rivasi."

Lenny alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema inaweza.

Baba akafuta miwani. Akageuza. Akaweka rivasi, akageuza shingo, nami nikasimama nje nikimwelekeza kwa mikono, nikirudi nyuma kilimani, nikianguka, nikiinuka. Gari likauma barabara. Likapanda! Kinyumenyume, taa za hatari zikiwaka, Shangazi mbele na mchele kama amempakata mjukuu, bila kusimama, hadi mlangoni.

Na mlangoni walikuwepo wageni. Kwenye sendofu watu wamezoea kuona wazazi wakiingia kwa mbwembwe, kwa kucheza, kwa nguo za sare. Waliona gari linapanda kilima kwa nyuma, polepole, taa zikimetameta. Wakadhani ni mtindo. Vigelegele! Simu zote juu! Kinamama wakalizunguka gari wakicheza. Shangazi akashuka na gunia lake, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaliweka gunia kichwani, akaingia akicheza.

Baba alisimama kwenye theluji. Miwani hakuigusa. Mtu mmoja akamuuliza walifanya mazoezi siku ngapi. Akajibu kwamba ni mambo ya kifamilia.

Pilau ilichelewa sana lakini imeiva. Mzee Gwakisa alikuwa amefika kabla yetu. Alipopewa maikrofoni alisema amehudhuria sendofu nyingi, Tanzania na Marekani, ila hajawahi kuona mama wa binti akiletwa kinyumenyume huku mwenyekiti akitembea kwa miguu. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Tangu hapo hajanitazama.

Lenny amenipita na sahani akasema chinichini, "Mchele ulishafika, eh?" Hajamwambia mtu. Sijui anapanga nini. Nitakuwa macho naye.

Jumapili, 8 Februari

USUKANI!

Baada ya Misa, Baba alinipeleka kwenye maegesho ya kanisa watu walipokwisha kuondoka. Mama alikuja pia, na alikuja ndani ya gari la Baba, akakaa nyuma. Njia nzima Baba hakuwasha taa za hatari. Mama aliliona hilo, akatazama nje ya dirisha akitabasamu.

Baba akanipa funguo. Akasema niende mbele, polepole, nisikanyage breki kwa nguvu, nitazame ninakotaka kwenda. Alisema vizuri sana, kama kitabu.

Lakini nilikuwa nimefikiri usiku. Kama gari lililoshindwa kupanda kwa mbele lilipanda kwa rivasi, basi madereva wote wa jiji hili wanashindwa kwa sababu moja tu: wanakwenda upande usio sahihi. Niliweka rivasi. Nilikanyaga.

Tulisafiri vizuri. Maegesho yote yalitupita. Niliteleza! Mimi! Kisha lundo la theluji likaingia kwenye kioo cha nyuma, na Mama akasema jina langu lote, hadi la ubatizo.

Lenny alikuja na kamba.

Jumatatu, 9 Februari

Nimekaa na kalamu jana jioni nzima kutafuta kosa. Rivasi haina kosa. Kosa lilikuwa kiti cha mbele. Baba ana kilo chache, maana ni mtu wa mawazo. Shangazi amerudi kwake na hapokei simu zangu. Mzee Gwakisa hafai, na hata angefaa hapandi tena. Kinachohitajika ni mtu mzito wa kukaa mbele, mtulivu, asiyejali nani ni mkubwa na asiyesimulia mambo kwenye maikrofoni.

Leo baada ya shule niliweka mizani ya bafuni kwenye mkoba, nikavuka barabara, nikagonga kwa Lynette, nikamuuliza mbwa wake ana kilo ngapi.